Chai ya Kijani, Uzito wa Mwili na Moyo: Majibu kwa Maombi ya Sharika

(Hotuba ya ofisi ya miradi ya dayosisi kwa kamati za afya na diakonia za sharika. Inachapishwa kwa ombi la wajumbe na kwa faida ya marafiki wanaochangia mfuko wa afya.)



Tunawashukuru kwa kuacha mashamba wakati majani yanachipua vizuri na kuja kukaa hapa siku nzima. Tumepewa saa moja, na tunajua kwamba mvua hii ikizidi, wenzetu wa mitaa ya juu hawatapata gari la kurudia. Kwa hiyo tutaingia kwenye jambo lenyewe bila kuzunguka.

Tangu mwanzo wa mwaka ofisi yetu imepokea maombi kutoka sharika kadhaa, na yote yanafanana. Kamati zinaomba ruhusa ya kutumia sehemu ya mfuko wa kuzungusha wa akina mama kununua chai ya kijani kwa katoni, ili iuzwe kwa waumini wenye uzito uliozidi na wale wenye matatizo ya presha na moyo. Faida ingerudi kwenye mfuko. Barua mojawapo iliambatanishwa na karatasi ya rangi yenye picha ya kikombe na moyo, ikieleza kwamba chai hiyo huyeyusha mafuta ya tumboni na kusafisha mishipa. Wakati huo huo, baadhi ya marafiki wetu wa ng'ambo wametuandikia wakiuliza kwa nini sisi tunaoishi katikati ya mashamba ya chai tusitengeneze chai ya kijani kwa afya ya watu wetu. Tumeona ni vema kujibu wote kwa pamoja, na kueleza sababu zetu kwa kirefu, maana fedha hizi ni za watu na mna haki ya kujua zinaamuliwaje.

Kwanza tuseme kwamba kamati hazikukosea kuliona tatizo. Wengi wenu mnakumbuka hali ilivyokuwa miaka ya 2000 tulipoanza kazi hii. Orodha yetu ilikuwa na yatima, wagonjwa wa majumbani, visima na mbegu. Unene haukuwa kwenye orodha. Aliyekuwa akitutia wasiwasi ni yule anayekonda, na mtu akikonda majirani walinong'ona kwamba ameshapata ule ugonjwa. Mnono alionekana ni mtu mwenye amani nyumbani kwake. Hadi leo ukimwambia mama apunguze uzito, atakuuliza watu watasemaje. Hofu hiyo tusiicheke, kwa sababu ina historia yake katika nyumba zetu.

Lakini mambo yamebadilika. Taarifa ya kitaifa ya afya na idadi ya watu ya mwaka 2004–05 ilionyesha kwamba asilimia 18 ya wanawake wa Tanzania wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene uliokithiri. Taarifa ya mwaka 2015–16 ilionyesha asilimia 28. Aidha, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012 kuhusu magonjwa yasiyoambukiza, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta takriban mtu mmoja kati ya wanne ana shinikizo la juu la damu, na wengi wao hawakuwa wakijua. Hapa kwetu tunaona kwa macho. Njia tuliyokuwa tukiipanda kwa miguu sasa tunaipanda kwa bodaboda. Mafuta ya kupikia yaliyokuwa yakinunuliwa kwa kijiko yananunuliwa kwa dumu. Soda iliyokuwa ya Krismasi imekuwa ya kila msiba na kila kikao.

Sasa tuje kwenye chai.

Jambo la kwanza ambalo wengi mlishangaa kulisikia asubuhi ni kwamba chai ya kijani na chai yetu nyeusi hutoka kwenye mche mmoja. Si mbegu nyingine wala si mti wa Uchina tu. Ni mche ule ule ambao Wajerumani waliujaribu kwenye kituo cha utafiti cha Amani, kule Usambara, mwanzoni mwa karne ya 20. Ni majani mawili na chipukizi, kama mnavyochuma kila wiki. Tofauti iko kiwandani. Kwa chai nyeusi, majani hunyaushwa, hukatwa na kusagwa, kisha huachwa yapate hewa mpaka yabadilike rangi, ndiyo hatua ile wafanyakazi wa kiwandani wanayoiita kuchachusha, halafu hukaushwa. Kwa chai ya kijani, majani hupigwa moto au mvuke mapema kabla hayajabadilika, yakabaki na ukijani wake. Kwa sababu hiyo chai ya kijani hubaki na kiasi kikubwa zaidi cha kemikali za asili ziitwazo katekini. Katika chai nyeusi sehemu kubwa ya katekini hizo hugeuka kuwa kemikali nyingine za jamii hiyo hiyo, ambazo ndizo zinazoipa rangi nyekundu na ukali wake.

Katekini ndizo zinazosemwa kuusaidia moyo. Wataalamu wanaeleza kwamba hupunguza kiasi cha kolesteroli kinachofyonzwa kwenye utumbo, na husaidia ngozi ya ndani ya mishipa ya damu kulegea ili damu ipite kwa urahisi. Maelezo hayo yana msingi. Swali letu kama watu wa miradi ni tofauti: je, mtu mwenye kilo 95 na presha ya 160 akinywa chai hii, anapata nini hasa?

Habari nyingi nzuri juu ya chai ya kijani hutoka Japani. Utafiti unaotajwa sana ulifanyika Ohsaki, kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Ulianza mwaka 1994 ukafuatilia watu wazima 40,530, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2006. Wanawake waliokunywa vikombe vitano au zaidi kwa siku walikuwa na vifo vya magonjwa ya moyo na mishipa pungufu kwa asilimia 31 kuliko wale waliokunywa chini ya kikombe kimoja. Kwa wanaume upungufu ulikuwa asilimia 22. Kwa saratani hapakuonekana tofauti.

Hizo ni namba kubwa, na wauzaji wanazipenda. Lakini tuzisome kama wakulima. Ukiona shamba la jirani lina mahindi mazuri na jirani huyo anatumia mbolea ya aina fulani, huwezi kusema mara moja kwamba ni mbolea. Pengine udongo wake ni mzuri, pengine anapalilia mapema. Utafiti wa Ohsaki uliwatazama watu wanavyoishi, haukuwapa chai. Mjapani wa kijijini anakunywa chai ya kijani bila sukari hata chembe, na wengi wao si wanene. Watafiti hujitahidi kuondoa tofauti za namna hiyo katika hesabu zao, lakini haziwezi kuondolewa zote. Ili kujua kama ni mbolea, itabidi ugawe shamba moja vipande viwili, kipande kimoja utie mbolea na kingine usitie.

Majaribio ya namna hiyo yamefanyika pia kwa chai. Mwaka 2012 jopo la wataalamu wa mtandao wa Cochrane lilikusanya majaribio 18 yaliyohusu watu wazima 1,945 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri. Kundi moja lilipewa chai ya kijani au dondoo lake, kundi jingine halikupewa. Walipojumlisha majaribio yaliyofanyika nje ya Japani, tofauti ya uzito kati ya makundi hayo ilikuwa kilo 0.04. Tumewaomba akina mama wa jikoni watuletee yai la kuku hapa mbele. Hili yai, wapendwa, lina uzito kuliko kile kilichopungua. Baadhi ya majaribio ya Japani yalionyesha zaidi ya hapo, lakini matokeo yake yalitofautiana sana, na jopo liliona kwamba kwa ujumla upungufu huo hauna uzito wa kitabibu.

Kuhusu presha, yako majaribio 14 ya watu 971 wenye uzito uliozidi au unene uliokithiri yaliyojumlishwa pamoja katika uchambuzi mmoja. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa milimita 1.42 za zebaki, na ya chini kwa 1.25. Maana yake, mwenye 160 angeshuka mpaka 158 na kidogo. Uchambuzi mwingine wa Cochrane wa mwaka 2013, wa watu wa kawaida na wale wenye hatari ya ugonjwa wa moyo, ulipata punguzo la milimita 3 hivi, na kolesteroli mbaya nayo ilishuka kiasi. Hata hivyo wachambuzi wenyewe walionya kwamba majaribio yalikuwa machache na ya muda mfupi.

Hatusemi kwamba milimita moja na nusu ni bure. Kwa nchi nzima ni kitu. Lakini tulinganishe. Uchambuzi wa majaribio ya kupunguza uzito ulionyesha kwamba kila kilo moja inayopungua mwilini huteremsha presha kwa takriban milimita moja. Mama aliyepunguza kilo tano kwa kubadilisha sahani yake na kutembea amepata zaidi ya mara tatu ya kile alichoahidiwa kwenye pakiti, na hakununua kitu.

Marafiki wetu kutoka Minnesota, ambao jimbo lao lina Walutheri wengi na urafiki wa miaka mingi na dayosisi za Tanzania, watafurahi kusikia kwamba moja ya majaribio makubwa lilifanyika kwao. Wanawake zaidi ya 1,000 waliokwisha kukoma hedhi waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilimeza vidonge vya dondoo la chai ya kijani kwa mwaka mzima, kundi jingine vidonge visivyo na kitu. Kolesteroli mbaya ilishuka kwa asilimia 4 hivi. Uzito na mafuta ya mwili havikubadilika. Lakini kulikuwa na jambo jingine: wanawake 26 wa kundi la dondoo walionekana kuwa na vipimo vya ini vilivyoharibika kwa kiwango cha kati au zaidi, ukilinganisha na 4 wa kundi la pili. Mwaka 2018 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya nayo ilieleza kwamba vidonge vyenye miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini kuu ya chai hiyo vinahusishwa na dalili za madhara ya ini, huku chai ya kunywa kwa kikombe ikionekana salama kwa ujumla. Kwa hiyo kikombe si sawa na kidonge, na tunaomba jambo hili mlibebe vizuri mnaporudi, kwa sababu wauzaji wengi wameanza na majani na sasa wanaleta vidonge.

Yapo pia yaliyofichwa ndani ya pakiti. Chai nyingi zinazoitwa za kupunguza unene si chai ya kijani peke yake. Zimechanganywa na sanamaki, ambayo wazee wa pwani wanaijua vizuri kama dawa ya kufungua choo. Mtu akiharisha siku tatu, mizani itashuka, naye atafurahi. Kilichotoka ni maji na chumvi za mwili, mafuta yako pale pale. Kwa mgonjwa wa moyo au presha anayemeza vidonge vya kukojoza maji, kupoteza chumvi aina ya potasiamu kwa njia mbili kwa wakati mmoja kunaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Mbaya zaidi ni dawa iitwayo sibutramini. Ilikuwa dawa halali ya kupunguza uzito, ikaondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 baada ya kuonekana kwamba inaongeza mshtuko wa moyo na kiharusi kwa wagonjwa wa moyo. Tangu hapo mamlaka ya dawa ya Marekani imeikuta mara nyingi imefichwa ndani ya chai, kahawa na vidonge vya kupunguza unene vinavyouzwa kama mimea ya asili. Yaani mtu ananunua dawa ya kuulinda moyo, na ndani yake kuna kitu kilichopigwa marufuku kwa kuuumiza moyo.

Baadhi yenu mnamfahamu mama mmoja, mwimbaji wa kwaya katika mojawapo ya sharika zetu, ambaye hatutamtaja kwa jina ingawa mwenyewe ametupa ruhusa tuseme habari zake. Alikuwa akitumia vidonge vya presha kwa miaka mingi na alikuwa akihudhuria kliniki vizuri. Muuzaji alikuja nje ya kanisa baada ya ibada, akamwambia kwamba vidonge vinachosha figo na kwamba chai yake inatosha. Bei ya pakiti moja ilizidi ujira wa siku kadhaa wa mchumaji wa chai. Mama aliona hawezi kulipia vyote viwili, nauli ya kliniki na chai. Akaacha kliniki. Baada ya miezi michache alianguka jikoni asubuhi, na tangu hapo mkono na mguu wake wa kulia havina nguvu. Tulimtembelea pamoja na mchungaji wake. Anaongea polepole lakini anaeleweka, na alituuliza swali ambalo tumekuja nalo hapa: kwa nini yule mtu aliruhusiwa kusimama mlangoni pa kanisa?

Hatuwezi kusema kwa uhakika kwamba angeendelea na vidonge asingeanguka. Tunachojua ni kwamba dawa za presha zikitumika kila siku hupunguza sana hatari ya kiharusi, na kwamba hakuna jaribio lolote kati ya yale tuliyoyataja lililoonyesha kwamba chai inaweza kukaa mahali pa dawa hizo. Kwa sisi, hapo ndipo hatari kubwa ilipo. Chai yenyewe ni kinywaji kizuri. Madhara yanaanza pale inapokuja na neno "acha vidonge".

Hivyo basi, uamuzi wa ofisi baada ya kushauriana na idara ya afya ya dayosisi ni huu. Mfuko wa kuzungusha hautanunua chai ya kijani wala bidhaa yoyote ya kupunguza unene kwa ajili ya kuuza. Fedha zilizoombwa zitanunua mashine za kupimia presha, moja kwa kila usharika ulioomba. Tunawaomba wachungaji na wazee wasiruhusu uuzaji wa bidhaa za namna hiyo katika viwanja vya kanisa. Muuzaji akidai bidhaa yake inatibu, aulizwe usajili wa TMDA. Kama ni chakula au kinywaji, aulizwe alama ya TBS, maana tangu mwaka 2019 usimamizi wa chakula ulihamia huko. Anayeshindwa kujibu aambiwe kwaheri kwa adabu.

Kuhusu wazo la kutengeneza chai ya kijani hapa kwetu, hilo ni wazo la biashara na halina ubaya. Linahitaji mtambo wa kuyapiga majani joto mara yanapofika, na mnunuzi aliyekubali bei kabla ya kuanza. Lijadiliwe kwenye vyama vya wakulima kwa hesabu zake. Lisiingie kwenye mfuko wa afya kwa mlango wa nyuma.

Je, mtu akipenda chai ya kijani anywe? Anywe, bila wasiwasi. Ila anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwambie daktari wake, kwa sababu chai hiyo ikinywewa kwa wingi inaweza kupunguza nguvu ya dawa. Vivyo hivyo kwa anayetumia nadololi, dawa mojawapo ya presha na moyo. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2014 kwamba chai ya kijani huzuia sehemu kubwa ya dawa hiyo kuingia kwenye damu. Wajawazito na wenye upungufu wa damu wasinywe chai ya aina yoyote pamoja na chakula, wasubiri saa moja hivi, maana chai huzuia madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage kufyonzwa. Na sisi sote wa nyanda za baridi tuache kuinywa ikiwa ya moto wa kuunguza. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilitamka mwaka 2016 kwamba vinywaji vya joto la zaidi ya nyuzi 65 huenda husababisha saratani ya koo la chakula. Subirini kidogo, piga hata pambio moja, kisha unywe.

Lakini kabla hatujatafuta chai ya mbali, tuitazame chai tuliyo nayo. Ile chai ya rangi ambayo wengine mnaiona ni ya kimaskini ina habari nzuri pia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliofuatilia watu karibu nusu milioni wa Uingereza ambao wengi wao walikunywa chai nyeusi, uliona kwamba waliokunywa vikombe viwili au zaidi kwa siku walikuwa na vifo vichache kwa kiasi cha asilimia 9 hadi 13 kuliko wasiokunywa chai. Huo nao ni utafiti wa kutazama, kama ule wa Ohsaki, kwa hiyo tuupokee kwa tahadhari ile ile. Angalau unatuonyesha kwamba mkulima wa chai hana sababu ya kuionea haya chai yake.

Tatizo la chai yetu ni sukari. Hapa tutakaa kidogo, kwa sababu jambo hili liko mikononi mwetu kabisa.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongeza isizidi asilimia 10 ya nguvu tunayopata kwenye chakula, na ikiwezekana ibaki chini ya asilimia 5, yaani kama gramu 25, vijiko sita vidogo kwa siku. Sasa chukua mtu anayekunywa vikombe vinne, kila kimoja vijiko vitatu. Ni vijiko 12, karibu gramu 48. Kwa mwaka ni zaidi ya kilo 17 za sukari, kwa mtu mmoja, kwenye chai peke yake. Hatujahesabu soda wala maandazi. Mtu huyo akianza chai ya kijani na kuitia vijiko vitatu vile vile, kama tulivyoona wengine wakifanya kwa sababu ni chungu, amebadilisha rangi ya maji tu.

Na desturi yetu ya kupika chai na sukari yake ndani ya sufuria, kisha kuijaza kwenye chupa, inamnyima mtu nafasi ya kuchagua. Mgonjwa wa kisukari anafika kwenye kikao cha kanisa, anamiminiwa kikombe, na kwa heshima hawezi kukataa. Tumekula nyumbani kwenu mara nyingi, tunajua kwamba chai isiyo na sukari ya kutosha inaonekana ni ubahili. Akina mama wa usharika mmoja wametatua jambo hili kwa urahisi kabisa: chai inapikwa bila sukari, bakuli la sukari linawekwa mezani na kijiko kidogo cha chai, siyo kile cha mboga. Wanasema matumizi ya sukari kwenye vikao yamepungua mpaka mtunza hazina akadhani kuna iliyobaki stoo bila kuandikwa. Tangu leo semina zote za ofisi yetu zitafanya hivyo. Mliokunywa chai saa nne mmeshaona, na tumeshayasikia malalamiko.

Mengine tutayapitia haraka kwa sababu mtayapata kwenye kitini. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja kidogo, pamoja na ile iliyojificha kwenye viungo vya mchuzi vya vipande. Kutembea kwa mwendo wa haraka kwa jumla ya dakika 150 kwa wiki. Wanaochuma chai wameshamaliza zamu yao, tunasema na sisi wa ofisini na wenye maduka. Kiuno kipimwe kwa futi ya fundi cherehani: kwa mwanamke sentimita 80 na kwa mwanaume 94 ndipo tahadhari inapoanza. Na anayepunguza uzito kwa makusudi asaidiwe na kamati kwa kutangaza wazi kwamba anajitunza moyo, ili mdomo wa jirani ukose kazi.

Sasa kuhusu mashine. Kila mashine ina mikanda miwili, wa kawaida na mkubwa. Tumeagiza hivyo kwa makusudi. Mkono mnene ukifungwa mkanda mdogo, mashine husoma juu kuliko ukweli, na mtu anaweza kupewa dawa asiyoihitaji. Pimeni mzunguko wa mkono kwanza. Ukizidi sentimita 32 tumieni mkanda mkubwa. Anayepimwa akae dakika tano bila kuzungumza, mgongo umeegemea, miguu chini, mkono wazi umewekwa mezani usawa wa moyo. Awe hajanywa chai wala kahawa katika nusu saa iliyopita. Pimeni mara mbili na mwandike zote mbili. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi kwa siku tofauti, apelekwe zahanati. Ikiwa 180 kwa 120 au zaidi, apelekwe siku hiyo hiyo, na kamati ilipie nauli kutoka kwenye fungu la dharura. Kamati haitoi dawa, haibadilishi dawa, na haimwambii mtu aache dawa.

Mashine zitakabidhiwa baada ya chakula cha mchana. Mwenyekiti na mtunza hazina wa kila kamati wasaini pamoja, na waoneshe jina la mtu aliyechaguliwa kuitunza. Betri za kuanzia zimo ndani ya boksi. Taarifa ya kwanza, ya idadi ya waliopimwa na waliopelekwa zahanati bila majina yao, itufikie mwisho wa robo hii. Yule mama wa kwaya ameomba awe wa kwanza kupimwa katika usharika wake, mbele ya wenzake, na mchungaji amekubali iwe Jumapili ijayo baada ya ibada ya pili.